Tak! Kilichojificha chini ya kitufe

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba vidole gumba vyake ni vipana, kioo cha simu kinaandika asichokusudia, na kila akitaka "nitakupigia" simu inamletea neno la Kiingereza. Je, anunue simu janja ndogo yenye vitufe halisi?

Jinsi kioo kinavyohisi kidole nitaipita. Lililo muhimu ni kwamba kioo hakisogei. Kitufe husogea, tena kwa namna inayonifurahisha kila nikiifikiria.

Ukifungua simu kama BlackBerry Bold ya 2008, chini ya kila kitufe utakuta kijisahani cha chuma kisichoshika kutu, chembamba kama karatasi, upana wake milimita chache tu, kilichobinuka mfano wa kuba la msikiti. Nilitaka kukiita "kikuba", ila neno hilo lina wenyewe: ni kile cha asumini na mrehani wanachojipamba nacho wanawake wa pwani, nami sitawanyang'anya. Basi "kijikuba". (Kibodi yenyewe wengine huiita "kicharazio", na hilo nalipenda: anayecharaza gitaa na anayecharaza herufi wote husikiliza vidole vyao.)

Likumbuke kopo la mafuta ya cherehani, lile la bati lenye mdomo mrefu. Fundi huuelekeza mdomo kwenye tundu, akabonyeza kitako kwa gumba. Mwanzoni bati linakataa. Anaongeza nguvu, linazidi kukataa. Mara linasalimu amri, tak! Kitako kimebonyea, tone limedondoka. Akilegeza gumba, tak! nyingine, kitako kimerudi. Macho ya fundi yako kwenye tundu muda wote. Habari za kitako ameletewa na gumba. Wala hawezi kukibonyeza nusu akakiacha hapo, kwa kuwa katikati ya safari bati halina pa kutulia.

Kijikuba ni kitako hicho hicho. Nguvu inapanda, inafika kileleni, kisha inaporomoka kuba linapopinduka, yote ndani ya safari isiyofika nusu milimita. Papo hapo kinagusa shaba iliyopakwa dhahabu, umeme unapita, herufi inaandikwa. Hisia na herufi hufika pamoja! Chuma hurukaruka kwa milisekunde chache kinapogusa, na programu husubiri kitulie, la sivyo "a" moja ingezaa tatu.

Wahandisi wa BlackBerry, kule Waterloo, Kanada, waliongeza ufundi mwingine kwenye Bold: kila kitufe kina mteremko wake, na kati ya safu na safu kuna utepe mwembamba wa chuma, ili gumba lijue limetua wapi.

Sasa ununue ipi? Unihertz Titan Pocket ya 2021, yenye kioo cha inchi 3.1, hutoshea kiganjani. Titan 2 ya 2025 ni mpya zaidi, lakini kwa kioo cha mraba cha inchi 4.5 si ndogo tena. BlackBerry kuukuu zisizo za Android ziache, huduma zake zilizimwa tarehe 4 Januari 2022. Pocket nayo ilitoka na Android 11, kwa hiyo ulizia masasisho, na masafa ya mtandao wako.

Dukani, fumba macho uandike "nitakupigia" polepole. Ukihisi tak kumi na moja zilizo wazi, ichukue. Ukihisi ulaini wa sifongo, mrudishie muuzaji simu yake.