Mashujaa Saba wa Kike wa Katuni Wanaostahili Kujulikana Tanga

Mwulize kijana yeyote wa Ngamiani au Chumbageni akutajie shujaa wa kike wa katuni. Ataanza na Wonder Woman, na kwa sababu ya filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 ataongeza Shuri. Mfuatiliaji zaidi atamtaja Storm wa kundi la X-Men, na hapo atakuwa amegusa nyumbani bila kujua. Storm, aliyetokea kwa mara ya kwanza mwaka 1975, ni mtoto wa mama Mkenya, na hadithi yake inasema alipokuwa binti mdogo alitembea kutoka Cairo hadi nyika za Serengeti, ambako watu walimheshimu kama mungu wa mvua.

Hao wote siwahesabu. Wana filamu, wana wanasesere na fulana. Orodha hii ni ya waliobaki pembeni, nami nimewapanga kwa kipimo kimoja: mwanamke huyu akishushwa kesho ufukweni Raskazone, atakuwa na kazi ya kufanya? Nguvu za ajabu wanazo wote. Sehemu ya kuzitumia ndiyo inayowatenganisha.

Wa saba kwa cheo ndiye wa kwanza kwa tarehe. Anaitwa Butterfly, na alitokea Agosti 1971 katika toleo la kwanza la Hell-Rider, jarida la kampuni ya Skywald ya Marekani. Mchana ni Marian Michaels, mwimbaji wa kumbi za Las Vegas; akivaa mavazi yake ya kazi huruka kwa mtambo aliofunga mgongoni. Wajuzi wengi wa historia ya katuni humhesabu kuwa shujaa wa kwanza wa kike mweusi wa aina hii, kwani alimtangulia hata Nubia wa kampuni ya DC, aliyetokea Januari 1973. Jarida lenyewe lilikufa baada ya matoleo mawili. Rekodi yake ni ya kweli, ila hakupewa muda wa kuifanyia kitu.

Wa sita ni Dust. Sooraya Qadir ni binti wa Afghanistan avaaye baibui na nikabu, aliyebuniwa na Grant Morrison na Ethan Van Sciver katika toleo la 133 la New X-Men, mwaka 2002. Hugeuka mchanga, akawa tufani inayoweza kumchuna mtu ngozi. Kwa uwezo wa kushambulia, wachache katika orodha hii wanamfikia. Kwetu, ambako baibui na nikabu ni mavazi ya kila siku sokoni, madrasani na ndani ya daladala, alipaswa kupokelewa kama jirani. Kinachomrudisha nyuma ni mikono iliyomchora: katika kurasa kadhaa lile vazi la stara limebanwa mwilini kiasi cha kupoteza maana ya kuvaliwa. Mama yeyote wa pwani angeliona kosa hilo kabla hajasoma neno moja. Sooraya alihitaji mchoraji aliyekulia katika nyumba yenye mabaibui.

Nafasi ya tano nampa Hawi wa Ethiopia. Kampuni ya Etan Comics ya Beserat Debebe ilianza na shujaa wa kiume, Jember, kisha ikamleta Hawi, msichana aliyelelewa Marekani anayekutana na nguvu zake anaporudi katika nchi ya wazazi wake. Visa hivi vimechapishwa kwa Kiamhari na kwa Kiingereza, na hilo ndilo lililonifanya nimpandishe. Mtoto wa Addis Ababa anaweza kumsoma shujaa wake kwa lugha anayozungumza na bibi yake. Kiswahili kina wasemaji wengi kuliko Kiamhari, na mtoto wa Muheza anastahili heshima ileile.

Wa nne ni Sema, mdogo kuliko wote, mwenye miaka kumi. Nakiri ni wa katuni za video wala si wa kitabu, lakini kumwacha nje kungekuwa dhuluma. Kampuni ya Kukua ilimleta YouTube Machi 2021, Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa wazalishaji. Sema na pacha wake MB wanakilinda kijiji cha Dunia dhidi ya Tobor, roboti asiye na huruma, na silaha zao ni sayansi na ubunifu. Watoto wanampenda. Mimi pia.

Kuanzia hapa kazi ya kupanga ilikuwa ngumu, kwa sababu watatu waliobaki ningeweza kuwabadilishana nafasi siku yoyote.

Wa tatu ni Qahera wa Misri. Deena Mohamed alimbuni mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 18, akaanza kumweka kwenye intaneti bila mchapishaji wala kampuni nyuma yake. Qahera huvaa hijabu na vazi jeusi, na ana masikio yanayosikia maovu kutoka mbali. Hapambani na majitu kutoka sayari nyingine. Hupambana na mwanamume anayemshika mwanamke mtaani, na mzungumzaji anayewaamrisha wenzake wawadhibiti wake zao. Akimaliza na hao huwageukia wale wa nje wanaodhani mwanamke mwenye hijabu hawezi kujiokoa hadi waje wao. Amewapiga pande zote mbili, na hakuna shujaa mwingine ninayemjua aliyefanya hivyo kwa uwazi wa namna hiyo.

Kazi yake Tanga ipo, na kila msichana anayerudi nyumbani kutoka shule jioni anaijua. Anajua kijiwe gani akipite haraka. Anajua maneno atakayotupiwa, na anajua kwamba akilalamika ataulizwa alikuwa amevaa nini. Qahera ndiye shujaa pekee katika orodha hii ambaye adui yake huonekana mtaani mchana kweupe. Deena Mohamed ameendelea mbele. Kitabu chake cha Shubeik Lubeik kilishinda tuzo kuu ya tamasha la Cairo Comix mwaka 2017. Bado naamini zile kurasa chache za Qahera, zilizochorwa na binti wa chuo, zina ujasiri kuliko matoleo mia ya majarida makubwa.

Wa pili, na mwenye nguvu kuliko wote saba, ni Monica Rambeau. Roger Stern na John Romita Mdogo walimtoa mwaka 1982 katika toleo la mwaka la Spider-Man. Anaweza kugeuka aina yoyote ya mnururisho: mwanga, mawimbi ya redio, eksirei. Aliitwa Captain Marvel miaka mingi kabla ya yule wa filamu ya mwaka 2019, akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika kundi la Avengers, kisha akaliongoza. Filamu ya The Marvels ya mwaka 2023 ilimwonyesha, lakini watazamaji wengi hawakuambiwa kwamba aliwahi kuwa mkubwa wa wote hao.

Kinachomleta karibu nasi ni kazi aliyoanza nayo. Kabla ya nguvu yoyote, Monica alikuwa luteni wa doria ya bandari ya New Orleans. Ni mwanamke wa majini, mwenye sare, aliyenyimwa cheo alichostahili. Mtu huyo Tanga ingempokea kwa mikono miwili. Kwa miaka mingi pwani hii, kuanzia mpakani na Kenya hadi Pangani, ilisumbuliwa na uvuvi wa mabomu: mlipuko mmoja huua kundi zima la samaki pamoja na makinda yake, na kulivunja tumbawe lililochukua miaka mingi kukua. Anayerusha bomu huwa ameshaondoka kabla boti ya doria haijawasha injini. Monica angefika kwa kasi ya mwanga. Angepita katika kila ngalawa kama eksirei na kuona baruti iliyofichwa chini ya nyavu, kisha angerudi bandarini kuandika taarifa yake, maana kuandika taarifa ndiko alikoanzia. Shujaa anayejua utaratibu wa kazi ya serikali ni adimu sana katika katuni, na kwangu hiyo ni sifa kubwa.

Wa kwanza ni Vixen.

Jina lake kamili ni Mari Jiwe McCabe, binti wa Mchungaji Richard Jiwe, kutoka Zambesi, nchi ya kubuni iliyowekwa Afrika. Gerry Conway na Bob Oksner walimwandaa apate jarida lake mwaka 1978, na angekuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa jarida lenye jina lake mwenyewe katika kampuni ya DC. Mwaka huohuo DC ikafuta majarida mengi kwa mpigo, na la Vixen likafutwa kabla halijafika dukani. Alisubiri hadi Julai 1981 ndipo akaonekana kama mgeni katika toleo la 521 la Action Comics, jarida la Superman. Kisa kirefu kilichomtendea haki, chenye matoleo matano, kilikuja mwaka 2008 kwa kalamu ya G. Willow Wilson, mwandishi yuleyule ambaye baadaye aliandika visa vya shujaa Kamala Khan. Kwa kucheleweshwa, rekodi ni yake.

Nguvu zake zinatoka katika hirizi ya ukoo, Tantu, aliyoachiwa na wazazi. Mama yake aliuawa na wawindaji haramu. Baba yake aliuawa na ndugu yake mwenyewe aliyeitaka hirizi hiyo. Akiigusa, Mari huazima uwezo wa mnyama yeyote: nguvu ya tembo, jicho la tai, mbio za duma. Wachoraji wa Marekani wamemwazimisha wanyama walewale wa mbugani kwa zaidi ya miaka 40. Hawajamleta pwani.

Mleteni pwani. Saadani, kusini ya Pangani, mbuga inafika hadi kwenye maji ya bahari. Hapo angeweza kuanza na simba na kumalizia na kasa bila kuhama ufuko. Katika kisiwa cha Maziwe, kasa hupanda kutaga kwenye mchanga ambao bamvua huufunika, na watu wa Ushongo wamekuwa wakiyahamisha mayai yao hadi pwani ya bara ili yasizame. Mari angejifunza kwa kasa kurudi alikozaliwa hata kama mahali penyewe panazama. Kwa pweza angejifunza kupita tundu dogo kuliko kichwa chake na kubadili rangi akiwa mbele ya adui.

Halafu kuna silikanti. Wataalamu waliamini samaki huyu alikwisha zama za dinosaria, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamewatoa silikanti wengi kwa majarife yaliyotegwa kwenye maji ya kina, na mwaka 2009 serikali ikatangaza hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo. Uwezo wa silikanti ni kudumu gizani, kimya, mamilioni ya miaka, wakati dunia imeshamwandika marehemu. Mwanamke ambaye jarida lake lilizikwa kabla ya kuzaliwa angeelewana naye.

Na akihitaji jeshi, nyuki wapo. Novemba 1914 Waingereza walipowashusha askari wao kutoka India ili kuuteka mji wa Tanga kutoka kwa Wajerumani, makundi ya nyuki yaliwavamia katikati ya mapigano, na vita hivyo vikabaki na jina la nyuki hadi leo. Hakuna mji mwingine unaoweza kumpa Vixen silaha yenye historia kama hiyo.

Wenzetu wa Kenya wameanza kuchora wa kwao. Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Shujaa Stories wamewachora mashujaa wa jamii za nchi hiyo kwa mtindo wa katuni za kisasa, na miongoni mwao yumo Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake dhidi ya Waingereza mwaka 1913. Walimpeleka uhamishoni Kisii, mamia ya kilomita kutoka baharini, naye akatoroka akarudi kwa miguu. Kutoka Tanga hadi nchi ya Wagiriama ni safari ya siku moja ya basi, pamoja na foleni ya mpakani Horohoro.

Katuni za Tanzania zina historia ndefu na wachoraji hodari. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, Kipepe na Madenge wa jarida la Sani, Kingo wa James Gayo: hao wamewachekesha na kuwafunza wasomaji wa vizazi vingi, na wote ni wanaume. Mwanamke wa kubeba kitabu kizima yupo, na maisha yake yaliandikwa na mtoto wa Tanga. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui mwaka 1909, aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad: msichana wa Fumba aliyeuza vyungu kwa miguu, akaenda mjini, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Siti aliimba hadharani kisa cha mwanamke aliyeuawa Unguja, muuaji akatorokea bara huku mashahidi wakifungwa, na mji mzima ukalijua jina la muuaji kwa sauti yake. Wachoraji wa Tanga, na wachapishaji mnaotafuta kitabu cha kuuza shuleni: hadithi hiyo imeshaandikwa. Ichoreni.