Video Isipovuka VPN

Katika multikasti, chanzo hutuma paketi mara moja tu, kisha ruta huinakili pale njia za wapokeaji zinapoachana. Anwani zake ni kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255. Ndani ya jengo moja utaratibu huu hausumbui sana. Kasheshe huanza pale video ya makao makuu inapotakiwa kupita kwenye VPN hadi tawi la mbali.

Handaki lenyewe huwa kikwazo. IPsec ya kawaida ni ya mazungumzo ya wawili na haibebi multikasti, hivyo paketi hufungwa kwanza ndani ya GRE, ndipo IPsec iifiche. Hata hapo ruta hukagua mlango: paketi sharti iingie kwa mlango uleule ambao ruta ingeutumia kumfikia mtumaji. Jedwali la njia likionyesha mlango wa intaneti ilhali video inatokea handakini, paketi hutupwa kimyakimya. Dawa yake ni kuandika njia ya multikasti inayoelekea handakini.

Kinachokula siku nzima ya fundi ni ruta teule. Ruta kadhaa zinazotumia PIM, itifaki ya kupanga njia za multikasti, zikiwa kwenye mtandao mmoja, moja huteuliwa kuomba video kwa niaba ya kompyuta zote. Hushinda yenye kipaumbele kikubwa. Vikilingana, hushinda yenye anwani kubwa. Tuseme 10.1.1.2 ina handaki, 10.1.1.3 haina. Hiyo ya pili inashinda, inapeleka ombi upande wa intaneti ambako hakuna wa kulipokea, na mwenzake mwenye handaki amenyamaza kwa adabu. Taa zote ni za kijani, skrini ni nyeusi. Kipaumbele cha 10.1.1.2 kikipandishwa, uteuzi hubadilika papo hapo, tofauti na itifaki ya njia ya OSPF, ambako aliyekalia kiti haondoki kwa sababu tu amekuja mkubwa zaidi. Lakini ruta teule ikizimika ghafla, kwa mipangilio ya kawaida jirani yake huweza kungoja hadi sekunde 105 kabla ya kurithi, ingawa salamu za kuonyesha kwamba ruta iko hai hutumwa kila sekunde 30.

Kabla ya kugusa ruta yoyote, itazamwe TTL ya mtumaji, yaani kikomo cha ruta ambazo paketi inaruhusiwa kupita. RFC 1112 ya mwaka 1989 iliagiza kwamba programu isipotaja kiwango, TTL iwe 1, na paketi ya namna hiyo hufia kwenye ruta ya kwanza.