Taa ya Injini Inayorudi Kila Ukipanda Mau Summit

Subaru yenye turbo inatoka Nakuru asubuhi. Jana ilikuwa gereji, taa ya injini ikazimwa, na leo inapanda Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit bila kulalamika. Kesho yake, kwenye mlima ule ule, taa ya manjano inawaka tena. Pamoja nayo inawaka ya kuzuia gari kuteleza, na ya kruzi inapepesa. Mwenye gari anajiona amefilisika: vitu vitatu vimekufa kwa mpigo! Havijafa. Subaru nyingi zimeundwa hivyo: kompyuta ikianza kuitilia shaka injini, inasimamisha pia mifumo inayoitegemea injini hiyo.

Kwa nini taa ilingoja siku ya pili? Kwa hitilafu nyingi, kompyuta haisemi mara ya kwanza. Inaona kipimo kisichokaa sawa, inakiandika pembeni, kisha inasubiri safari nyingine. Kikijirudia, ndipo inawasha taa. Zikipita safari tatu mfululizo kipimo kikiwa sawa, inaizima yenyewe. Utaratibu huu ulianzia California, na kufikia 1996 kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilitakiwa kuwa nao. Japani na Ulaya zikafuata kwa sheria zao. Kwa hiyo fundi anayechomeka mashine na kufuta msimbo amefuta maandishi tu. Kibaya zaidi, amefuta picha ya dakika ile taa ilipowaka: mwendo, joto la injini, mzigo, na kiasi cha petroli ambacho kompyuta ilikuwa ikiongeza au kupunguza. Ushahidi wote umetupwa kabla haujasomwa, na mteja ametozwa pesa kwa kazi hiyo.

Kipimo kinacholalamikiwa mara nyingi hutoka kwenye sensa ya oksijeni, kidude chenye ukubwa wa plagi kilichofungwa kwenye bomba la moshi. Asili yake ni taa ya nyumbani. Mwaka 1897 Walther Nernst, mwanakemia wa Göttingen, Ujerumani, aligundua kwamba udongo mgumu wa zirkonia uliochanganywa na oksaidi ya itriamu haupitishi umeme ukiwa baridi, lakini ukichomwa moto sana unapitisha na kung'aa. Akatengeneza taa, akaiuzia kampuni ya AEG haki zake kwa mark milioni moja. Balbu za nyuzi za metali zikaja kuishinda. Swali likabaki: ni nini hasa kilichokuwa kikisafiri ndani ya udongo ule? Mwaka 1943 Carl Wagner alieleza kwamba ni oksijeni yenyewe. Itriamu huacha nafasi tupu ndani ya zirkonia, na chembe za oksijeni zenye chaji huruka kutoka nafasi hadi nafasi.

Hapo ndipo gari linapoingia. Upande mmoja wa kikombe cha zirkonia unagusa hewa ya nje, wa pili unagusa moshi. Oksijeni ikiwa nyingi nje na kidogo kwenye moshi, umeme mdogo unazaliwa, karibu volti 0.9: petroli imezidi. Hewa ikizidi, umeme unashuka hadi karibu volti 0.1. Bosch waliitengeneza sensa hii, na Volvo wakaanza kuiuza kwenye magari yao mwaka 1976. Inahitaji joto la digrii kama 300 ili ifanye kazi, ndiyo maana ina hita yake ndogo ndani, na hita hiyo ikikatika nayo huwasha taa.

Kwa kawaida sensa ni mbili. Ya mbele inaisaidia kompyuta kushikilia uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Nje ya uwiano huo masega, yaani kisafisha moshi kilichofungwa kwenye bomba la egzosi, hayawezi kufanya kazi yake vizuri. Sensa ya nyuma iko baada ya masega, na kazi yake ni kuyachunguza. Ukitazama kwenye skrini ya mashine, mstari wa mbele unapanda na kushuka bila kupumzika. Wa nyuma unatakiwa utulie, kwa kuwa masega hushika oksijeni na kuiachia taratibu. Ukiona wa nyuma unacheza sawasawa na wa mbele, masega yamechoka, au hayapo kabisa. Msimbo P0420 ndio huo.

Hayapo, mara nyingi, kwa sababu yameuzwa. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na mwaka 2021 aunsi moja ya rodiamu ilipita dola 25,000. Mtu hununua gari lililotumika bila kujua kwamba mwenzake alishakata masega na kuunga bomba tupu. Anabadilisha sensa ya nyuma, kisha anabadilisha tena. Sensa ni nzima na inasema kweli. Kinachotoka kwenye bomba hilo ni monoksaidi ya kaboni, oksaidi za nitrojeni na petroli isiyoungua, na wanaovuta hewa hiyo ni wauza mahindi ya kuchoma na watoto wanaovuka barabara kwenda shule. Nasikitika kila ninapoona kazi hiyo ikiitwa kuongeza nguvu. Hadi miaka ishirini hivi iliyopita masega yasingedumu huku hata tungeyataka, maana petroli yenye madini ya risasi huyaua yenyewe pamoja na sensa. Mafuta hayo yaliondolewa Kenya na kwingineko kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006.

Wengi Nakuru hulaumu mwinuko. Ni kweli kwamba mita 1,850 juu ya bahari hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Mombasa gari lilikoshukia. Lakini kompyuta hupima hewa hiyo na kupunguza petroli ipasavyo. Mwinuko peke yake hauwashi taa. Unachofanya mlima ni kuibana turbo mpaka tundu lililojificha lijitokeze. Mpira ukipasuka kati ya turbo na injini, kwenye mlima hewa iliyokwisha kupimwa inavuja nje, na petroli inazidi. Gari likisimama kwenye taa za barabarani, tundu hilo hilo linaweza kunyonya hewa isiyopimwa, na petroli inapungua. Gaskiti ya egzosi ikivuja karibu na sensa, hewa ya nje inaingia na kuidanganya kompyuta, nayo inamwaga petroli zaidi.

Basi namba za marekebisho ya petroli ndizo za kuangalia kabla ya kununua spea yoyote. Zikiwa juu gari likiwa limesimama na kushuka ukikanyaga, tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Zikipanda kadiri mzigo unavyoongezeka, shuku pampu ya petroli au filta. Na taa ya injini ikipepesa badala ya kuwaka tu, injini inaruka moto na petroli mbichi inayachoma masega: ondoa mguu kwenye akselereta pale pale, hata kama lori linakupigia honi nyuma.

Baada ya matengenezo, liwashe gari likiwa baridi, lizungushe mjini, kisha liende Gilgil kwa mwendo usiobadilika-badilika na lirudi. Rudia safari hiyo siku inayofuata. Mwambie fundi asome kama vipimo vyote vimekamilika na kama kuna msimbo unaosubiri safari ya pili. Kama masega yamekwisha kupimwa na hakuna kinachosubiri, mlipe.