Fundi Aliyesahau Mashine Yake



Mwaka 2011, katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, fundi wa mashine ya kufunga mifuko aliitwa mbele ya meneja. Alikuwa na miaka 12 kazini. Kosa lake lilikuwa uzito. Mkono ulichelewa, mifuko ikapasuka, bolti akasahau kuzikaza, na jambo aliloambiwa asubuhi, saa sita mchana halimo tena kichwani. Msimamizi akasema ni waragi. Mimi nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, nilikaa upande wake wa meza, na nakiri mbele yenu kwamba hata mimi nilidhani ni waragi. Sikumwuliza neno. Kikao kilikwisha kwa dakika ishirini, nami nikatia sahihi yangu.

Ndugu huyo alikuwa jirani yangu hapa Kamwokya, na ameniruhusu nieleze habari zake bila kutaja jina. Baada ya kufukuzwa, mkewe alimshika mkono akampeleka kliniki. Alipimwa, akaonekana ana virusi vya UKIMWI, navyo vilikuwa vimekwisha kuudhuru ubongo. Kumbe alikuwa mgonjwa, na mimi nilimhukumu kwa harufu ambayo hata sikuisikia.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kuchunguzwa katika kilima cha jirani, Mulago, ambako sisi watu wa Kamwokya twaenda kwa miguu. Daktari Ned Sacktor wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alishirikiana na madaktari wa Makerere, miongoni mwao Daktari Noeline Nakasujja. Katika uchunguzi wao uliotolewa mwaka 2007, watu 78 wenye virusi waliokuwa wakihudhuria kliniki ya Kampala walipimwa akili kwa makini. Asilimia 31 walikuwa na ugonjwa huu wa ubongo, yaani karibu mtu mmoja katika kila watatu.

Virusi huingia katika ubongo pamoja na chembe za damu, na huko huleta madhara hasa katika sehemu za ndani zinazoendesha wepesi wa mwili na wa fikira. Ndiyo sababu mgonjwa huwa mzito kabla hata hajawa msahaulifu sana. Hutembea polepole, hujibu polepole, hupoteza hamu ya kazi. Nyapara shambani akimwona mtu wa namna hiyo kwenye mistari ya chai atasema ni mvivu.

Madaktari hao walitengeneza kipimo kidogo, kikatolewa mwaka 2005, ambacho hakihitaji umeme wala mashine, ila saa ya mkono tu. Mgonjwa huambiwa maneno manne: mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Kisha hugonganisha vidole viwili vya mkono asioutumia sana, upesi awezavyo, kwa sekunde tano. Halafu hukunja ngumi juu ya meza, huulaza mkono, huusimamisha kwa ubavu, na kurudia hivyo kwa sekunde kumi. Mwisho huulizwa yale maneno manne. Alama zote ni 12. Mwenye 10 au pungufu hupelekwa kuchunguzwa zaidi.

Nasema kuchunguzwa zaidi, wala sisemi kufukuzwa. Najua watakuwapo wasimamizi watakaotaka kutupigisha vidole mezani getini. Kipimo hicho chenyewe, kilipojaribiwa Uganda, kiliwakamata wagonjwa 80 katika kila 100, lakini katika kila watu 100 wenye virusi wasio na ugonjwa huo wa ubongo, 45 nao walionekana kama wanao. Basi ni kazi ya daktari na muuguzi. Hata mtu aliyetoka zamu ya usiku aweza kumsahau mbwa na kofia.

Ziko pia mashine za kupiga picha ndani ya kichwa, nyingine kwa mionzi, nyingine kwa sumaku kubwa. Gharama yake ni mzigo kwa mtu wa mshahara wetu. Lakini picha ina kazi yake, maana usahaulifu huweza kuletwa na jipu la ubongo, na uvimbe, au na damu iliyovilia baada ya mtu kuanguka kwenye lori la miwa au kugongwa kichwani. Aliyeumia kichwa kazini na kuanza kusahau wiki kadhaa baadaye asikubali kupewa panadoli na kurudishwa kwenye zamu.

Usahaulifu wa wazee ni habari nyingine. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2010 ulikuta ugonjwa wa kupotewa na akili kwa watu kama 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Wengi wa hao hawana dawa ya kuwarudisha walivyokuwa. Mwenye virusi ni tofauti. Mwaka 2006 Sacktor na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa Kampala waliopewa dawa za kupunguza makali walipata nafuu ya akili ndani ya miezi sita. Dawa hizo zilianza kutolewa bure Uganda mwaka 2004, miaka saba kabla ya kikao chetu kile.

Jirani yangu alizimeza. Kufika mwisho wa mwaka alikuwa akifungua na kufunga pasi za umeme za watu barazani kwake, bila kupoteza skrubu hata moja. Kazi yake hakuipata tena. Alinikumbusha mwenyewe tarehe niliyotia sahihi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yampa mfanyakazi haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa, na kuja na mtu amtakaye. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2014 yakataza kumwondoa mtu kazini kwa sababu tu ana virusi au anadhaniwa kuwa navyo. Tangu siku zile, nikiitwa kikaoni juu ya mtu aliyekuwa hodari na ghafla akawa mzito, naomba kwanza aende hospitali na kikao kiahirishwe. Mara nyingine hukubaliwa, mara nyingine twagombana. Mwenye barua ya namna hiyo ailete tawini kabla ya siku ya kikao, aje na mkewe au ndugu anayeishi naye, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajui lini alianza kubadilika.