Fahamu: Nafasi ya kupandia inavyoamua mavuno ya kunde na maharage

Maharage mengi yanayouzwa soko la Darajani, Mji Mkongwe wa Unguja, huvuka bahari kutoka Tanzania Bara. Zao hili hupenda ubaridi wa nyanda za juu kama Mbeya. Joto la pwani huangusha maua yake. Badala yake, Unguja kunastawi kunde, choroko na mbaazi. Lakini suala la nafasi linawahusu wakulima wote.

Mche ulioachiwa nafasi hutoa matawi na maganda mengi, ila kinachojaza gunia ni mavuno ya shamba zima. Ukipanda mbalimbali mno, jua linapiga udongo mtupu na magugu yanakula mbolea yako. Ukibananisha, miche hugombea mwanga, hurefuka na kulala, na unyevu unaobaki chini ya majani huleta ukungu.

Kwa maharage mafupi, ushauri uliozoeleka ni sentimita 50 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu 2 kila shimo: miche 200,000 kwa hekta. Kuzidisha hapo mara nyingi ni kupoteza mbegu, kwani kila mche hupunguza maganda yake.

Kunde zinazotambaa zinataka nafasi pana zaidi. Na kwenye ardhi ya mawe ya Makunduchi, Unguja, penye udongo kidogo baina ya matumbawe, kamba ya mistari haifai. Hapo mkulima hufuata udongo ulipo.

Kabla ya kununua mbegu za msimu ujao, muulize bwana shamba wako nafasi inayofaa aina ya mbegu unayotaka kupanda.