Kufunga na Kufungua Mkondo Mkubwa: Swichi za Mizinga ya Sumaku-Umeme

Mzinga wa kawaida husukuma risasi kwa nguvu ya gesi itokayo katika baruti iwakayo. Mzinga wa sumaku-umeme hauna baruti. Una reli 2 za shaba zilizolazwa sambamba, na baina yake kipande cha metali kiwezacho kuteleza. Mkondo wa umeme huingia kwa reli ya kwanza, hupita katika kipande hicho, kisha hurudi kwa reli ya pili. Nayo sumaku izaliwayo na mkondo huo hukisukuma kipande mbele pamoja na risasi. Fikra hiyo si mpya. Mfaransa Louis Octave Fauchon-Villeplée aliishughulikia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka wa 1922 alipewa hataza nchini Marekani.

Kinachotofautisha chombo hiki na mashine nyingine ni ukubwa wa mkondo. Taa ya wati 100 katika nyumba yenye umeme wa volti 220 hutumia chini ya nusu ya ampea. Mzinga huu huhitaji ampea 1,000,000 au zaidi, kwa muda wa milisekunde chache tu. Mkondo wa ampea 1,000,000 waweza kuzaa kani ya nyutoni 250,000 hivi, sawa na uzito wa mzigo wa tani 25. Na mkondo ukizidishwa mara 2, kani huzidi mara 4. Kwa hiyo haitoshi kuwa na chanzo cha umeme. Sharti iwepo swichi iwezayo kuupitisha na kuukata mkondo wa namna hiyo.

Hapa lugha yataka uangalifu. Katika mazungumzo ya kila siku, afunguaye bomba huruhusu maji kupita, na afungaye huyazuia. Katika elimu ya umeme maana hugeuka. Swichi iliyofungwa ni ile ambayo ncha zake zimegusana, nao mkondo hupita. Swichi iliyofunguliwa ni ile ambayo ncha zake zimeachana, nao mkondo hukatika. Sababu ni kwamba kinachofungwa si njia, bali ni mzunguko, kama pete inavyofungwa ncha zake zikutanapo. Mwanafunzi asiyeitambua tofauti hii ataelewa kinyume kila atakachosoma.

Kufunga ni kazi ngumu, lakini kufungua ni kugumu zaidi. Maji yaendayo kwa kasi katika bomba refu yakizuiwa ghafla, huligonga bomba kwa kishindo. Ndivyo ulivyo mkondo uliohifadhiwa katika koili. Tuseme koili ya mikrohenri 1 tu yabeba ampea 1,000,000: ukikatwa mkondo huo kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya milisekunde, huzuka volti 10,000 kati ya ncha za swichi. Hewa iliyo baina ya ncha hizo huwaka na kuwa yenyewe njia ya umeme, na metali huyeyuka. Swichi za umeme wa mjini husaidiwa na mkondo geu, ambao katika mtambo wa hezi 50 hufikia sifuri mara 100 kila sekunde. Hapo ndipo moto huo huzimika. Mkondo wa koili ya mzinga hauna sifuri ya kungojewa.

Wahandisi walitafuta njia kadhaa. Wengine walitumia baruti kuukata mshipa wa shaba. Wengine walitumia fyuzi iyeyukayo kwa wakati uliopimwa. Njia hizo hukata kweli, lakini hutumika mara moja tu, na baada ya kila pigo lazima kipande kipya kifungwe. Wengine hutuma mkondo wa kinyume ili kuunda sifuri ya muda mfupi. Mzigo huo ulijulikana vema tangu miaka ya 1970, pale Canberra, Australia, ambako jenereta kubwa ya chuo kikuu ilitumika kurusha risasi ya gramu 3 kwa mwendo wa kilomita 5.9 kwa sekunde.

Njia ya pili ni kuhifadhi nishati katika kapasita badala ya koili, kwa kuwa kapasita huhitaji swichi ya kufunga tu. Zamani kazi hiyo ilifanywa na cheche au na chombo chenye zebaki kiitwacho ignitroni. Siku hizi hutumiwa sana thairista, kipande cha silikoni kilichotokea Marekani mwaka wa 1957. Ishara ndogo huiwasha, nayo haizimiki mpaka mkondo ukaribie sifuri. Kongo yaifahamu: mstari wa umeme wa Inga hadi Kolwezi, wenye kilomita zipatazo 1,700 na uliokamilika mwaka wa 1982, hutumia thairista kuugeuza mkondo.

Thairista moja haiwezi kubeba mzigo wote, na mkondo ukipanda upesi mno huunguza sehemu moja ya silikoni kabla nyingine hazijaamka. Kwa hiyo mzigo hugawanywa. Mtambo wa PEGASUS wa taasisi ya Ufaransa na Ujerumani iliyoko Saint-Louis ulijengwa kwa vitengo 200, kila kimoja cha kilojuli 50. Huko Dahlgren, Marekani, mzinga uliolishwa na kapasita ulifikisha megajuli 33 mwaka wa 2010, ingawa jeshi la majini lilisimamisha mradi wake mwaka wa 2021.

Je, tatizo la kufungua limekwisha? La. Limehamishwa. Risasi itokapo mdomoni mwa mzinga, kipande kilichounganisha reli huondoka nayo, na mzunguko hufunguka. Ikiwa mkondo mwingi umebaki, moto mkali huwaka hapo na kuzila reli. Ndiyo maana huwekwa njia ya pembeni ya kuumeza. Hivyo katika mzinga huu swichi ya mwisho ni risasi yenyewe.