Sungura, Kobe na Namba Tasa

Paukwa! Pakawa!

Sungura na Kobe walikaa kila mmoja ng'ambo yake ya mto. Walitaka namba ya siri ya kufungia barua zao, lakini Fisi alikuwa amejibanza kichakani, anasikia kila neno.

"Ndugu Kobe," Sungura akapaza sauti, "tutumie 5 na 23!"

Fisi akaandika mchangani. Kisha kila mmoja akachagua namba yake moyoni: Sungura 3, Kobe 7. Sungura akazidisha 5 × 5 × 5, akapata 125. Akagawanya kwa 23, ikabaki 10. Kobe naye akazidisha tano saba kwa namna hiyo, akapata 78,125. Akagawanya kwa 23, ikabaki 17. Wakatangaziana mabaki: "Kumi!" "Kumi na saba!"

Sasa tazameni ajabu. Sungura akazidisha 17 × 17 × 17, akapata 4,913. Akagawanya kwa 23, ikabaki 14. Kobe akazidisha kumi saba, akapata 10,000,000. Akagawanya kwa 23, ikabaki 14. Siri ni 14, na Fisi hakuisikia popote.

Njia hii Whitfield Diffie na Martin Hellman waliitangaza Marekani mwaka 1976. Nguzo yake ni 23, namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Tena ni tasa salama: toa 1, gawanya kwa 2, unapata 11, nayo ni tasa.

Lakini 23 ni ndogo. Fisi mvumilivu angejaribu 1, 2, 3, mpaka aipate siri. Kwa hiyo kompyuta hutumia namba tasa kubwa, mathalani ya tarakimu 617. Kuipata ni kazi: hubahatisha namba witiri, huipima, huitupa, hujaribu tena na tena. Ndiyo maana namba hizo hutafutwa mapema, zikawekwa kwenye faili kama mbegu ghalani kabla ya mvua. Si siri, ila faili lilindwe, mtu asije akabadilisha mbegu.

Na mbegu ikiwa ndogo, hatari. Mwaka 2015 watafiti walikuta seva nyingi dhaifu zikitegemea namba tasa ileile ya biti 512, yaani tarakimu 512 za 0 na 1 tu. Walifanya hesabu nzito juu yake kwa wiki moja. Baada ya hapo, siri ya kila mazungumzo ilifichuka kwa dakika moja hivi.

Wanangu, chukueni 47: toa 1, gawanya kwa 2, mnarudi kwenye 23 ya Sungura. Kati ya 50 na 90 zimejificha tasa salama mbili. Nani ataniletea kesho?